Viti vya Kuswalia na Maumivu ya Mgongo



Katika kikao cha kamati ya msikiti wetu cha mwezi uliopita kulikuwa na ajenda iliyoonekana ndogo: ununuzi wa viti vya kuswalia. Sisi, kwa nafasi yetu ya ukatibu, tuliiandika ya mwisho, baada ya bomba la udhu linalovuja na zulia la upande wa kina mama, tukitaraji ingepita kwa dakika tano. Ikatuchukua saa nzima, na hata adhana ya Isha ilipotukatiza haikuwa imeisha.

Miaka mitatu iliyopita viti hivyo vilikuwa 4, vya plastiki, vimepangwa pembeni mwa safu ya kwanza, na waliovikalia ni wazee tuliowajua kwa majina na kwa maradhi yao. Ijumaa iliyotangulia kikao tulihesabu viti 19. Miongoni mwa waliovikalia, sita hawajafika umri wa miaka 50, na mmoja tulisoma naye darasa moja. Mjumbe mmoja akapendekeza tununue vingine 20 tumalize kazi. Hapo mzee wetu mmoja, mwenye hekima na ulimi mkali, akauliza: "Na mwakani mtanunua vingapi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii badala ya ile ya malezi tuliyoiahidi.

Hukumu ya kuswali kwa kukaa haina ugumu kwa mwenye udhuru. Imran bin Huswain (Allah amridhie) alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume (SAW), akaelekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, akishindwa aswali kwa ubavu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari na watoto wa madrasa wanaijua. Linalosahaulika ni kanuni ya mafakihi kwamba mtu akishindwa sehemu moja ya wajibu, ile anayoiweza haimwondokei. Aliyeshindwa kusujudu kwa sababu ya goti, lakini miguu yake inambeba, bado ana kisimamo chake. Tumewaona ndugu waliokuja kwa miguu kutoka kituo cha daladala, wakasimama barazani robo saa nzima wakizungumza, kisha inapokimiwa wakaketi tangu takbira ya kuhirimia hadi salamu. Hatumhukumu yeyote, kwani maumivu ya mtu hayaonekani kwa macho ya jirani yake. Ila tuna shaka kwamba wengi hawakukatazwa kusimama wala kusujudu na daktari yeyote. Waliumwa mara moja, wakaogopa, wakakaa, na kukaa kukawazoesha kukaa.

Nasi tunaijua hofu hiyo, kwa sababu imetupata.

Ramadhani ya mwaka juzi, tukipanga mchele wa futari kwa ajili ya familia zenye uhitaji, tuliinama tukainua gunia la kilo 50 huku tumejipinda kuelekea mlangoni. Tulihisi kama kamba imekatika kiunoni. Vijana walitushika mkono hadi nyumbani. Majirani wakatushauri tulale chali juu ya ubao bila kujigeuza, na tukalala siku tatu. Siku ya nne tulikuwa wazito kuliko siku ya kwanza, na kwenda msalani tu kukawa ni safari ya kujiandaa.

Rafiki mmoja akatupeleka kwa mtu mjini anayesifika kwa kurudisha pingili. Hakutuuliza lolote. Alitulaza kifudifudi, akabonyeza, mgongo ukalia "kwa!", nasi tukasimama tumepata nafuu ya kweli. Akatuambia pingili yetu ya nne ilikuwa imehama, na kwamba tunahitaji mahudhurio 12, tulipie yote kwanza. Tulilipa nusu, na fedha zenyewe zilikuwa za nguo za Idi za watoto. Nafuu ilidumu siku mbili, maumivu yakarudi, tukarudi naye. Hudhurio la tano tukamuuliza tufanye nini nyumbani. Akajibu: "Usifanye kitu, wewe njoo tu."

Jibu hilo ndilo lililotuzindua. Tukaenda hospitali, kwenye kitengo cha mazoezi tiba, tukakutana na dada mmoja mpole aliyetumia karibu dakika 20 kuuliza maswali kabla hajatugusa. Tunalalaje? Kazi yetu ni ipi? Kuna ganzi miguuni? Mkojo unatoka vizuri? Tumewahi kuwa na homa za usiku au kupungua mwili bila sababu? Kisha akatugonga magoti kwa kinyundo cha mpira, akatutembeza kwa visigino na kwa vidole. Mwisho akasema hakuna kilichohama. Akatuagiza tutembee, akatufundisha mazoezi matatu, akatuonya tusirudi kitandani mchana. Baada ya wiki sita hivi tulikuwa tunasujudu bila kuuma meno. Gharama yote haikufika nauli na ada ya mahudhurio mawili ya kule tulikotoka.

Tuseme sasa kilichomo ndani ya mgongo, maana kutokukijua ndiko kunakotufanya tuamini kila tunachoambiwa. Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake zipo zilizoungana, hadi kwenye kifandugu. Karibu baina ya kila pingili na mwenzake kuna diski, mfano wa mto mdogo mgumu wenye ute katikati. Na kama mlingoti wa jahazi usivyosimama kwa ubao wake peke yake bali kwa kamba zinazouvuta huku na huku, ndivyo mgongo unavyosimamishwa na misuli ya mgongo, ya tumbo na ya makalio. Kamba zikilegea, mlingoti hauna kosa.

Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na mfupa uliovunjika wala uliohama. Ni misuli, kano na viungo vidogo vilivyokasirishwa, na sehemu kubwa hupungua ndani ya wiki chache kwa mtu anayeendelea na shughuli zake kwa kiasi. Hata picha inaweza kumtisha mtu bure. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za migongo ya watu wasioumwa chochote. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye umri wa miaka 80. Basi uchakavu huo mara nyingi ni kama mvi. Anayeambiwa "diski zako zimekwisha" akaenda kulala kitandani, ameugua neno kuliko alivyougua mgongo.

Ama hiyo tiba ya kunyoosha pingili kwa mikono, isihukumiwe kwa yule mtu wetu wa mjini. Kuna fani yenye jina, nayo ni kairopraktiki, neno lililoundwa kutokana na Kigiriki kwa maana ya kazi ya mkono. Mwanzilishi wake ni Daniel David Palmer, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Palmer hakuwa daktari wa hospitali, alikuwa akitibu watu kwa kile kilichoitwa nguvu za sumaku. Alidai kuwa alimsukuma pingili bwana Harvey Lillard, msafishaji wa jengo alimokuwa na ofisi, na usikivu wa bwana huyo ukarejea. Kutokana na hapo akajenga nadharia kwamba karibu maradhi yote asili yake ni pingili zilizokaa vibaya. Nadharia hiyo sayansi haikuithibitisha, na wataalamu wengi wa leo wa fani yenyewe wameiacha, wakajikita kwenye mgongo, shingo na viungo. Kwa hiyo ukimsikia mtu anatangaza kwa kipaza sauti kuwa kwa kunyoosha mgongo atakuponya kisukari, pumu na upungufu wa nguvu za kiume, jua anauza kilichokwisha kuachwa na wenyewe.

Kutibu mgongo kwa mikono, hata hivyo, ni kukongwe kuliko Palmer. Abul-Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Qurtuba aliyeandika Kitabu At-Tasrif takriban miaka elfu moja iliyopita, alieleza namna ya kuvuta na kukandamiza mgongo ulioteguka. Na bibi zetu wa pwani hawakuwa na chuo, lakini mikono yao na mafuta ya nazi imetuliza viuno vingi vya wazazi. Hatuoni haya kuyataja hayo pamoja.

Mlio ule wa "kwa!" nao una maelezo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walipiga picha za MRI kiungo cha kidole wakati kinavutwa hadi kulia. Waliona nafasi yenye gesi ikijitokeza ghafla ndani ya ute wa kiungo. Hakuna mfupa unaorudi mahali pake. Nafuu inayofuata ni ya kweli, kwa sababu misuli hulegea na mishipa ya fahamu hutulia, lakini ni ya muda.

Je, inafaa? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno mwezi Desemba 2023. Kwa makadirio yake, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mwongozo huo unakubali, kwa masharti, mazoezi, elimu kwa mgonjwa, kukanda, na kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Haukupendekeza mikanda ya kiuno kama ile inayouzwa kwenye mabasi yetu ya mikoani, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, ilikuwa wazi zaidi: tiba ya mikono itumike tu ikiwa ni sehemu ya mpango wenye mazoezi ndani yake. Hicho ndicho kilichokosekana kwa yule aliyetuambia tusifanye kitu. Mikono ya mtaalamu inakufungulia mlango kwa siku mbili tatu, na siku hizo ndizo za kufanya mazoezi yaliyokuwa hayawezekani. Ukizilalia, mlango unafunga.

Anayetaka kwenda kwa mtaalamu wa kairopraktiki aulize kwanza amesoma wapi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataja mafunzo kamili ya miaka isiyopungua minne ya kutwa. Barani Afrika vipo vyuo vikuu vinavyoifundisha fani hii, mfano Johannesburg na Durban nchini Afrika Kusini. Na mtaalamu wa kweli atakuuliza maswali mengi kabla hajakugusa, atakufundisha la kufanya nyumbani, wala hatakuuzia mahudhurio 12 siku ya kwanza.

Shingo tuiseme peke yake, kwa sababu hapa kuna hatari tunayoichekea. Vijana wetu wakimaliza kunyolewa, kinyozi huwakanda mabega, kisha hushika kidevu na kisogo akakizungusha kichwa ghafla hadi shingo ilie. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Mzunguko wa ghafla unaweza, kwa nadra, kuchana ukuta wa mshipa huo, damu ikaganda na mtu akapata kiharusi, hata kijana. Hata kwa mikono iliyosomea, hatari hiyo inatajwa na huulizwa ridhaa kwanza. Kinyozi akate nywele. Kichwa mwambie akiache.

Na zipo hali ambazo mgongo hautakiwi kunyooshwa na yeyote kabla daktari hajauona. Ganzi baina ya mapaja na sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila kujijua, au miguu kulegea ghafla: hayo ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, usiku wa manane usiogope. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na maumivu ya mgongo huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na huku kwetu ugonjwa huo si wa kusahaulika. Kadhalika aliyeanguka, aliyewahi kuugua saratani, mzee ambaye mifupa imekuwa laini, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, na mtoto mdogo anayelalamikia mgongo. Msimkande mkasubiri.

Dawa nazo tuziseme kwa ufupi. Diklofenaki imekuwa kama karanga mitaani kwetu. Ikitumika siku nyingi bila ushauri huchubua tumbo na kuumiza figo, na mwenye shinikizo la damu yumo hatarini zaidi. Wapo wanaoimeza daku ili wapate kusimama tarawehe. Muulizeni daktari, tafadhali.

Sasa mazoezi tuliyofundishwa, ambayo tunayafanya hadi leo baada ya Alfajiri, mkekani. La kwanza ni kutembea: dakika 10 asubuhi na 10 jioni, ukiongeza kila wiki. La pili, simama kwa mikono na magoti kama baba anayembeba mtoto mgongoni, uupandishe mgongo kama paka aliyemwona mbwa, kisha uushushe taratibu, mara 10. La tatu, lala chali ukunje magoti, nyayo zikanyage chini, uinue makalio mpaka mwili unyooke toka mabegani hadi magotini, uhesabu tano, ushuke. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dhambi wala si hatari, almuradi kesho yake yawe yametulia. Yakizidi au yakashuka mguuni, punguza na uulize.

Kwa shingo, keti wima urudishe kidevu nyuma kana kwamba unataka kuwa na videvu viwili, bila kuinamisha kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito unaokaribia kilo 5, na kila kinapoinamia simu au mus-haf uliowekwa chini mno, misuli ya kisogo ndiyo inayokizuia kisianguke. Walimu wetu wa madrasa wanaokaa sakafuni saa nne wanalijua hili. Marufaa yainuliwe kidogo.

Kwa magoti, keti mkekani unyooshe mguu, weka taulo lililokunjwa chini ya goti, ulikandamize kwa kubana paja, hesabu tano, mara 10 kila mguu. Kisha chukua kile kile kiti cha msikitini, ukae na kusimama bila kushika kitu, mara 5, wiki ijayo mara 8. Goti lenye kusagika linataka misuli ya paja yenye nguvu, na linataka mwili uliopungua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulikuta kuwa kila kilo inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Wanaoitwa kwenye maulidi na walima kila wiki tunawaachia hesabu hiyo.

Ikumbukwe kwamba hatuswali ili tunyooshe mgongo. Tunausikia sana siku hizi usemi wa kuifanya swala iwe mazoezi ya viungo, nao hautufurahishi. Sisi tunafanya mazoezi ili tuweze kuswali, na wala si kinyume chake. Wanaoteremka kusujudu kwa tabu waweke mkeka mzito chini ya magoti. Na kama ni magoti kwanza au mikono kwanza, wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani, basi mgonjwa ashuke kwa kinachomwepesishia.

Upande wa kina mama kuna zaidi ya tuliyoyasema. Mtoto mgongoni, ndoo kichwani, ufagio mfupi, beseni la kufulia lililo chini, jiko la mkaa lililo chini zaidi. Mjamzito naye kano zake hulegea kwa maandalizi ya kuzaa, na nyonga humuuma pasipo mtu kumsadiki. Beseni likiwekwa juu ya stuli mgongo umepona nusu. Ufagio ukitiwa mpini mrefu gharama yake haifiki soda mbili tatu. Na Bibi Aisha (Allah amridhie) alipoulizwa Mtume (SAW) akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Basi baba anayemwona mkewe ameshika kiuno asiulize kwanza chakula kiko wapi. Ndoo anaiona.

Kamati iliamua tununue viti 10, si 20. Dada yule wa hospitali ameridhia kuja Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi baada ya Alasiri, nusu saa kwa kina mama ndani na mwenzake wa kiume kwa wanaume barazani, bila malipo. Imamu naye ataeleza, kabla ya darsa hiyo, ni nani kiti ni haki yake na anatakiwa kusimama wapi. Yule tuliyesoma naye darasa moja tulimpitia nyumbani Jumapili. Alisema hajawahi kupimwa, amekaa tu kwa mwaka wa pili sasa tangu alipoteleza bafuni. Tumekubaliana kwenda naye hospitali Alhamisi.

Fundi ameleta viti juzi. Viwili vinayumba, tumemrudishia.